Mkono Uje Mwisho

Kama unasoma haya huku umeushikilia mkono mmoja kwa mwingine, karibu tuketi. Mimi sitakaa sana kwa sababu sijui kukaa, hata mume wangu atakwambia. Lakini nitakueleza yaliyonipata kutoka baridi ya mwezi wa saba hadi mvua za mwezi wa nne mwaka uliofuata, na vile mchezo wa wasichana wa shule ulivyoingia katikati ya ugonjwa wangu. Mambo ya dawa na majina yake waulize wenyewe hospitalini. Mimi najua tu yale niliyoyaona nikiwa kwenye benchi.

Jina langu ni Igandu, lakini watu wananiita Mama Wawira. Nakaa Kibugu, huko Embu, kule juu karibu na msitu. Nina mashina mia sita ya chai niliyoyapanda mwenyewe mwaka niliomzaa Wawira, mtoto akiwa mgongoni, na sasa Wawira ana miaka thelathini. Kuchuma chai si kazi ya vidole peke yake. Unakata majani mawili na kichipukizi, mikono yote miwili ikienda pamoja, na viganja vikijaa unarusha nyuma, juu ya bega, ndani ya kikapu ulichokibeba mgongoni. Hutazami nyuma. Mimi nilikuwa nikirusha haraka kuliko wanawake wote wanaopeleka majani kwenye kituo chetu cha kupimia chai, na nilijivunia jambo hilo kupita kiasi.

Basi mwezi wa saba, ukungu ukiwa umetukalia wiki nzima, nilirusha majani na mkono wa kulia ukakataa katikati ya njia. Majani yakaniangukia shingoni. Nikacheka. Nikarusha tena, yakaingia kwenye gambuti, viatu vyangu vya mpira. Maumivu yalikuwa kati ya bega na kiwiko, pale juu wanapodunga sindano ya pepopunda, na yakashuka mpaka kwenye vidole. Nikajiambia ni baridi tu, nikaendelea na mstari wangu.

Wiki tatu baadaye nilishindwa kuchana nywele. Wiki ya nne nilishindwa kufunga sidiria. Mume wangu Njeru, Baba Wawira, karani mstaafu mwenye magoti mabaya, ilibidi ajifunze kuifunga. Miaka thelathini na moja alikuwa anajua kufungua tu. Siku ya kwanza alihangaika mpaka akatoka jasho, na mimi nikamwambia kama ingekuwa ni kufungua angekuwa amemaliza kitambo. Tulicheka sana siku hiyo. Nakumbuka kwa sababu kicheko kilikuja kuwa haba baadaye.

Nilienda kituo kimoja cha matibabu ambacho sitakitaja. Daktari akauliza shida ni nini, nikamwambia, "Naumwa na mkono." Sasa, nyumbani kwetu ukisema njara umetaja kila kitu kuanzia begani mpaka kwenye kucha, na Kiswahili nilichofundishwa shuleni hakikunipa tofauti yoyote. Mkono ni mkono. Isitoshe, nilikuwa nimeushika kwa chini, kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu nikiuacha uning'inie ulikuwa unavuta bega. Yeye akaona kifundo. Akauliza kazi yangu, nikasema chai. Akatazama vidole vyangu vyeusi kwa utomvu wa majani, akatikisa kichwa, na habari ikawa imeishia hapo. Kifundo kikapigwa picha, kikapakwa dawa, kikafungwa bandeji, nikaambiwa nipumzishe mkono kabisa.

Nikaupumzisha. Kosa hilo tuligawana, mimi na yeye. Miezi miwili na nusu nilitembea na bandeji kwenye kifundo kizima, na kule juu bega likawa linajifunga polepole bila mtu kuliangalia. Ndiyo maana nakuomba, ukienda, weka kidole mahali penyewe. Vua shati kama ni lazima. Usimwachie daktari neno moja akisie.

Mvua za mwezi wa kumi zilinikuta hospitali kubwa ya Embu mjini. Chumba cha kungojea kilikuwa na benchi tatu ndefu na televisheni iliyofungiwa kwenye kijumba cha chuma, picha ipo, sauti hakuna. Kila mtu alikuwa ameshika mahali pake. Mwingine kiuno, mwingine goti, mwingine taya. Mimi kukaa pale kuliniwasha mwili mzima. Nilikuwa nikitoka nje kuangalia mvua, narudi, nahesabu watu, natoka tena. Mara mbili jina langu liliitwa nikiwa nje, na mara mbili nikarudishwa nyuma ya foleni, na mara zote mbili nikakasirika na watu ambao hawakuwa wamenikosea.

Mama mmoja wa Kianjai, aliyekuja kumtembelea bintiye Embu akateleza na kuvunjika mkono wa kushoto, aliniangalia nikizunguka mpaka akachoka. "Dada," akasema, "hiyo sakafu utaikanyaga mpaka ipasuke. Kuja hapa." Nikaja. Kilemba changu kilikuwa kimefunguka kikanilalia sikioni, na sikuwa na njia ya kukifunga. Yeye alikuwa na mkono wa kulia, mimi nilikuwa na wa kushoto. Akashika ncha moja, mimi nikashika nyingine, tukavuta, tukazungusha, tukafunga kilemba kimoja wanawake wawili. Kikakaa upande. Nilienda nacho hivyo hivyo kwa daktari, na sikutaka mtu akiguse.

Daktari alikuwa mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Aliniambia niinue mikono yote miwili kama mtu anayesifu kanisani. Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ukasimama usawa wa titi. Akaushika yeye mwenyewe, akajaribu kuupandisha, haukupanda, na hapo ndipo nilijua si maumivu peke yake. Kulikuwa na kitu kimefungwa.

"Bega limeganda," akasema, akisoma kadi yangu ya kliniki ya kisukari. "Wenye sukari kama wewe huwapata sana."

"Litaganduka lini?"

"Mwaka. Pengine zaidi. Tutakudunga sindano, halafu mazoezi kila siku."

"Na chai nitachuma?"

"Tutaona."

Tutaona. Sijawahi kulichukia neno namna hiyo. Nilidungwa sindano ndefu pale begani, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikalia kidogo, kisha nikaona aibu nikaenda kununua ndizi.

Mazoezi nilifundishwa na mtu mmoja mpole anayeitwa Ireri. Kuna la kuinama na kuuachia mkono uning'inie uchore miduara hewani. Kuna la kutembeza vidole ukutani kama buibui. Kuna la kamba juu ya mlango, mkono mzima ukiuvuta ule mgonjwa. Nusu saa, mara tatu kwa siku. Mimi nusu saa nimeshakamua, nimefua, nimepika. Nilikuwa nikivuta ile kamba kwa hasira nimalize haraka, na Ireri akanigundua. "Mama, bega halilazimishwi," akasema. "Linabembelezwa." Nikamjibu kwamba hata watoto wangu sikuwabembeleza. Alicheka, lakini mwezi wa kumi na mbili aliponipima hakucheka. Bega halikuwa limeongeza hata upana wa vidole viwili.

Nyumbani mambo yalikuwa yameharibika. Vibarua walikuwa wanakuja leo, kesho hawapo. Waliokuja walichuma majani yaliyokomaa, karani wa kituo anayarudisha. Chai isipochumwa inapanda juu ikawa kichaka, na yangu ilikuwa imeshafika kifuani. Baba Wawira alikuwa akipika, akilisha ng'ombe, akiteka maji, na yale magoti yake. Mimi nilikuwa nazunguka nyuma yake nikimwambia anakosea. Nasema ukweli, nilikuwa mgonjwa mbaya.

Jumapili moja kabla ya Krismasi, tukitoka kanisani, alisema bila kunitazama, "Mwezi wa nne mvua ikianza, kama hujaweza kuchuma, nang'oa chai. Tutaweka avokado."

"Chai ni yangu, Baba Wawira."

"Shamba ni langu."

Hapo alikuwa amesema. Katika miaka yote hatujawahi kutenganisha hayo mawili, na sasa yalikuwa yamekaa katikati yetu barabarani. Tulinuniana siku tisa. Na siku zote hizo tisa alikuja asubuhi, akanifunga sidiria bila neno, akaenda zake.

Wawira alipokuja Krismasi aliona. Yeye ni mwalimu wa jiografia na michezo katika shule ya wasichana upande wa Ruiri, kule Meru. Alinikuta nikikamua kwa mkono wa kushoto, kopo nimelibana kwa magoti, ng'ombe amechoka na mimi. Hakupiga kelele. Alikunja nguo zangu kwenye begi. "Mami, tunaenda na wewe," akasema. "Ukikaa hapa hutapona, na Baba atazeeka mbele ya wakati." Baba Wawira alitusindikiza mpaka barabarani. Nilitaka kumwambia kitu, na badala yake nikamkumbusha kumpa ndama chumvi.

Ruiri mwezi wa kwanza ni jua na upepo wa vumbi. Kwetu Kibugu jani halikauki, kule hata mate yanakauka. Nyumba ya mwalimu ni chumba kimoja na jiko. Siku ya kwanza nilifagia mara tatu. Siku ya pili nikapanga vitabu vyake, naye akavipangua akitafuta kimoja. Siku ya tatu nilikuwa nimesimama kwenye dirisha tangu asubuhi nikitafuta mtu wa kugombana naye, ndipo nikasikia ule mlio. Tok. Tok. Tok.

Wawira alikuwa amefunzwa mchezo mpya kwenye semina ya walimu wa michezo, akarudi na vibao vinne, wavu na mipira. Unaitwa pikoboli. Uwanja ni mdogo, unaingia ndani ya uwanja wa netiboli na nafasi inabaki, na wasichana walikuwa wameuchora kwa chokaa. Mpira ni wa plastiki, mwepesi, una matundu. Kibao ni kipana kuliko cha tenisi ya mezani, kina mpini mfupi. Unaanzisha kwa kupiga kutoka chini ya kiuno, mkono haupandi. Na karibu na wavu, kila upande, kuna eneo linaloitwa jikoni, ambalo huruhusiwi kusimama ndani yake ukipiga mpira ambao haujadunda. Nilipoelezwa hilo nilisema huo ni mchezo wa kwanza niliousikia unaomkataza mwanamke kuingia jikoni, na kwa hivyo nitaucheza.

Wawira alikuwa ameshapanga, sasa najua. Alikuwa amempigia Ireri simu wakazungumza nyuma yangu. Alinipa kibao mkononi, mkono ule mgonjwa. "Kishike kama umeshika kifaranga," akasema. "Asitoroke, asife."

Mpira wa kwanza nilipiga kwa bega lote. Uliruka ukapita ua, na mimi nikaona nyota. "Hapana," Wawira akasema, "mpira haupigwi na mkono. Unapigwa na mguu." Akanirushia mwingine, nami nikaupiga teke. Wasichana wakaanguka chini kwa kucheka. Mmoja akasema, "Shosho amecheza soka," na mimi nyanya mwenyewe nikacheka mpaka bega likauma. Ni yale yale ya mkono. Mguu kwangu ni mguu, kutoka nyongani mpaka unyayoni, nilijuaje kwamba anataka paja na goti?

Basi akanifundisha pole pole, jioni kwa jioni, baada ya masomo. Nakuandikia vile alivyonielekeza, kwa sababu ndivyo vilivyonisaidia hata nje ya uwanja. Miguu ipanuke kama mabega. Magoti yalegee, kama unataka kukaa kwenye kigoda. Uzito uwe mbele ya unyayo, kisigino kiguse chini kidogo tu. Kibao kiwe mbele ya kifua, kiwiko karibu na mbavu, usikitupe nyuma. Mpira ukija, miguu iende kwanza. Usiufuate kwa mkono, ufuate kwa miguu mpaka uwe mbele yako. Halafu geuza nyonga na mabega pamoja, kitovu kitazame unakotaka mpira uende, uzito utoke mguu wa nyuma uhamie wa mbele. Mkono uje mwisho. Unakuja kumalizia tu kazi ambayo mwili umeshaifanya. Na ule mpira mdogo wa karibu na wavu, usiupige, uinue kwa magoti.

Wiki nzima sikuweza. Kichwa kilielewa, mwili ukakataa. Nilikuwa nasimama miguu imekufa, mkono unarukaruka peke yake. Ndipo Wawira akanipiga video kwa simu, akaniketisha kwenye ngazi, akanionyesha. "Mami, angalia. Ukimaliza kupiga, mkono unaenda wapi?"

Nikaangalia. Kila nikipiga, mkono ulikuwa unajaribu kupanda nyuma juu ya bega. Hauwezi, unakwama kwenye titi, na shingo inajipinda kuufuata. Kila mpira hivyo hivyo.

"Unachuma chai," Wawira akasema.

Nikamwambia airudishe video mwanzo. Katikati ya mashina ya chai hakuna pa kuweka mguu. Unasimama umebanwa na matawi mpaka kiunoni, miguu haiwezi kugeuka, kwa hivyo kazi yote inafanywa na mkono na bega. Miaka thelathini nilikuwa nimerusha kwa bega peke yake, na nilijisifu kwa haraka yangu. Nilisikia huruma kwa lile bega, huruma ya kweli, kama ya mnyama uliyemtumikisha bila kumwangalia.

Kuanzia hapo nilianza kujifunza kwa nia. Asubuhi nilifanya yale mazoezi ya Ireri ukutani, na Wawira akanichorea alama za penseli pale vidole vilipofika. Mwisho wa mwezi wa kwanza vilikuwa usawa wa kitasa cha mlango. Katikati ya mwezi wa pili, usawa wa swichi ya taa. Jioni nilicheza, na nikicheza nilisahau kwamba ninajitibu. Nilifungua mlango kwa kugeuza kiuno. Nilivuta mtungi wa maji kwa miguu. Siku moja nilijifunga kilemba mwenyewe, kikakaa sawa, na sikumwambia mtu.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Mwanzo wa mwezi wa tatu Baba Wawira alipiga simu. Tulizungumza mambo ya ndama, ya mvua, halafu akasema, "Nimepata watu watatu wa kung'oa. Watakuja Jumanne ya kwanza ya mwezi wa nne."

"Sijasema siwezi kuchuma."

"Unaweza?"

Nikakata simu. Nilimchukia siku hiyo, nasema wazi. Jioni nikaingia uwanjani na ile hasira. Mwalimu mwenzake Wawira akainua mpira juu sana, ukaja ukining'inia juu ya kichwa changu. Mpira wa namna hiyo unaachwa udunde. Mimi nikaunyooshea mkono juu, wote, kwa nguvu zote. Nilisikia kitu kama kitambaa kinachanika. Nilijikuta nimeketi chini kwenye chokaa, ndani ya jikoni, na sikuweza hata kulia kwa sauti.

Wawira alipiga magoti mbele yangu. Alikuwa amekasirika. "Ulikuwa unataka nini, Mami?"

"Nataka mkono wangu," nikamwambia. "Nataka mkono wangu kabla hajang'oa chai yangu."

Tulienda Meru mjini kesho yake. Benchi nyingine, namba nyingine, siku nzima. Hiyo siku nilikaa. Sikutoka nje hata mara moja, niliogopa kuitwa nikiwa sipo. Nilipoingia nilivua blauzi na kuweka kidole penyewe. Daktari akasema sikuwa nimechanika sana, akanidunga sindano ya pili, akaniambia wiki mbili bila kibao. Alama za penseli zilirudi chini, kutoka swichi hadi kitasa. Hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, na ikikupata usifikiri umerudi mwanzo. Mimi nilifikiri hivyo na nikapoteza siku nne kitandani nikitazama ukuta.

Siku ya tano nikaamka nikawaza kitu. Kama mkono hautapanda juu ya bega kabla ya mwezi wa nne, basi majani yapite kwingine. Nilimwita Wawira. Tulifunga ndoo ya plastiki mgongoni kwangu kwa leso, chini zaidi ya mahali kikapu hukaa, imeelekea upande wa kulia. Tukaenda kwenye ua wa shule. Nilichuma majani ya ua kwa mikono miwili, nikarudisha mguu wa kulia hatua nusu, nikageuza nyonga, na mkono ukaja mwisho, chini, usawa wa mbavu. Yakamwagika yote. Tukafanya tena. Wasichana walipita wakatuangalia na hawakuuliza. Kufikia mwisho wa mwezi, kila mara tano mara tatu yalikuwa yanaingia.

"Haitoshi," nikasema.

"Mami, ilikuwa sifuri."

Nilirudi Kibugu Jumatatu, mvua ikinyesha. Baba Wawira alinipokea begi, akaniuliza bega, nikasema lipo. Chai ilikuwa juu, kijani kibichi, imejaa vichipukizi. Hatukuzungumza juu ya kesho. Asubuhi alikuja kunifunga sidiria, nikamwambia nimeshafunga. Alisimama pale mlangoni muda kidogo, mikono yake haina kazi, kisha akatoka.

Watu watatu walikuja saa mbili na majembe na misumeno, wakasimama ukingoni mwa shamba wakimngojea. Mimi nilipita mbele yao na kikapu changu, nimekifunga chini, upande. Nilikuwa nimetangulia kukata matawi ya pembeni kwenye mstari wa kwanza nipate pa kuweka mguu. Sikumsalimia mtu. Nikaanza kuchuma.

Viganja vilijaa. Nikarudisha mguu, nikageuka, nikarusha. Nusu iliingia, nusu ikaanguka chini kwenye tope. Nikarusha tena. Yakaanguka mengi kuliko ya kwanza. Nilisikia hatua nyuma yangu, nikajua ni Baba Wawira kwa vile magoti yake yanavyolia, na sikutaka kugeuka aone uso wangu.

"Mama Wawira," akasema, "chai hii ndiyo ilikula mkono wako. Sitaki imalize na ule mwingine. Ni hayo tu."

Miezi yote ile sikuwa nimelisikia hilo. Nilidhani amechoka na mimi. Nilichuma, nikarusha, na nikangoja kusikia majani yakianguka. Sikusikia. Nikageuka. Alikuwa ameinama na yale magoti, mkono mmoja ameshika shina, akiokota majani kwenye tope moja moja. Akayapuliza, akayafuta kwenye shati lake, akayatia kwenye kikapu changu.

"Yanaanguka mengi," nikasema.

"Wewe rusha tu. Niko hapa nyuma."

Tulienda hivyo mstari mzima, mimi nikirusha, yeye akiokota, na sote wawili tukilia bila kutazamana. Mwisho wa mstari mmoja wa wale watu akaja, jembe begani, akauliza, "Mzee, tuanzie wapi?"

Baba Wawira hakuinua kichwa. "Wekeni majembe chini," akasema. "Chukueni mstari wa pili. Majani mawili na kichipukizi, karani wa kituo ni mkali."